Turubai la gari kwenye hewa ya Tanga: kuosha ni dakika chache, kazi ni kukausha

Ukiwa na gari la paa la turubai hapa Tanga, watu wanakuuliza jambo moja tu: mvua ikinyesha unafanyaje? Nafunga paa, naendelea na safari. Turubai zima halina ugomvi na mvua. Linaloteseka nalo ni chumvi ya bahari, kinyesi cha kunguru, jua la saa saba, na juu ya yote mwenye gari anayelikunja likiwa bado na unyevu. Hayo matatu ya kwanza huwezi kuyazuia. Hilo la nne liko mkononi mwako.

Gari langu ni Suzuki Escudo ya milango miwili, kizazi kile cha kwanza kilichoanza kutoka Japani mwaka 1988, na nchi nyingine wanaliita Vitara. Juu ya dereva kuna kipande kinachofunguka peke yake, na nyuma kuna turubai lenye madirisha ya plastiki laini yanayofungwa kwa zipu. Jirani yangu mmoja wa hapa mtaa wa Raskazone ana Mazda MX-5, kale kadogo ka viti viwili, na mara nyingi tunaosha pamoja. Paa la Suzuki yangu ni la vinili, la kwake ni la kitambaa, na tofauti hiyo ndiyo ya kuijua kabla hujanunua hata chupa moja ya dawa.

Vinili ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya PVC kwa juu. Ukilipapasa linateleza kidogo, na uso wake umechorwa mikunjo kama ngozi. La kitambaa unaziona nyuzi zenyewe. Kwa kawaida lina tabaka tatu: nje nyuzi za akriliki, katikati mpira mwembamba, ndani pamba au poliesta. Maji yanazuiwa na ule mpira wa katikati, si nyuzi za nje. Ndiyo maana paa la kitambaa linaweza kulowa chapachapa juu na ndani usione tone. Lakini nyuzi zikishiba maji kila siku zinahifadhi uchafu na kuotesha ukungu, na hapo ndipo dawa ya kuzuia maji inapokuwa na faida. Ukiipulizia vinili dawa hiyo umemwaga pesa, maana plastiki hainywi kitu.

Kuosha kwenyewe hakuna mengi. Vumbi litoke kwanza, likiwa kavu, kwa brashi ya manyoya laini. Kama umetoka njia ya vumbi ukamwagia maji moja kwa moja, umetengeneza tope, na brashi ikipita juu ya tope inalisugua turubai kwa mchanga. Vumbi likishatoka, mwagia maji ya mpira wa kawaida au ya kopo, kisha shampoo ya magari kwenye ndoo, sugua taratibu kipande kwa kipande na usuuze kabla povu halijakauka. Osha paa lote. Ukisafisha doa peke yake, hasa kwenye kitambaa, utabaki na duara ambalo linaonekana kuliko doa lenyewe. Fanya asubuhi au kivulini.

Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo. Ni kali, inaondoa ile dawa ya kuzuia maji, na mabaki yake yanakaa katikati ya nyuzi. Jiki ndiyo kabisa usiikaribishe: inapausha rangi na kula uzi wa mishono, na turubai nyingi zinaanza kuachia kwenye mishono wakati kitambaa chenyewe bado kizima. Halafu kuna mashine ya presha. Kijana wa kuosha magari ukimwambia aiweke chini atumie ndoo, atakuona mshamba. Mwache akuone. Presha ikielekezwa karibu inachambua nyuzi, inasukuma maji kupita kwenye mishono na kung'oa kingo za dirisha la plastiki. Mimi siku hizi gari nawaachia waoshe chini, paa naosha mwenyewe nyumbani.

Sasa kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakaenea mpaka huku bara, na leo ukitafuta kivuli cha mkungu au mwarobaini mjini Tanga utakuta wamekutangulia. Kinyesi chao kina asidi, na kikipigwa na jua juu ya turubai jeusi kinakauka na kuacha alama ya kudumu. Usikikwangue. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika kama kumi, kisha kiinue pamoja na uchafu wake. Kikibaki kidogo, rudia. Kwenye gari langu hakikosekani chupa ya maji na kipande cha kanga kuukuu kwa kazi hiyo tu. Kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika haina mpinzani, na usinunue kitambaa cha bei kwa jambo hili.

Kati ya jua na kunguru, nachagua kivuli na kinyesi chake. Kinyesi kinaoshwa. Jua letu la nyuzi 5 kusini mwa ikweta likishaukausha uzi na kuufanya mgumu, hakuna cha kuurudisha.

Nimesema kazi ni kukausha, na hapa nitakaa kidogo. Ukimaliza kuosha, au mvua ikikatika, futa maji kwa taulo na uliache paa limefungwa, vioo umeshusha vidole viwili hewa ipite. Usilikunje kwa sababu juu pameonekana pakavu. Juu panakauka mapema. Maji yanajificha kwenye mishono, kwenye pindo la nyuma linalogusana na bodi, na pale kitambaa kinapopita juu ya vyuma vya fremu. Chukua karatasi ya tishu, ibonyeze kwenye mshono wa nyuma. Ikitoka na unyevu, subiri. Kipindi cha kaskazi saa chache zinatosha. Wakati wa kusi, mawingu yakitanda na hewa imejaa maji, inaweza kukuchukua siku nzima, na hakuna njia ya mkato.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni umande. Gari likilala nje karibu na bahari, alfajiri turubai limelowa hata kama hakukunyesha. Ndiyo saa ileile mtu anatoka nyumbani, hewa nzuri, anatamani kwenda kazini paa likiwa wazi. Anakunja, maji yanabanwa ndani ya mikunjo, gari linapaki juani mpaka jioni. Joto na unyevu mahali pasipopita hewa: ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Siku ya kwanza utasikia harufu tu, vidoti vyeusi vya upande wa ndani vinakuja baadaye. Asubuhi futa paa lote, washa gari, endesha limefungwa. Jioni ukitoka kazini fungua, upepo wa bahari ni wako.

Ukungu ukishaingia, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inausogeza. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, paka, ngoja robo saa, sugua kwa mswaki laini, suuza vizuri siki isikae kwenye vyuma, halafu kausha. Vidoti vilivyozama ndani ya kitambaa havitoki vyote. Utavipunguza, na muhimu ni visiendelee.

Dirisha la plastiki linahitaji adabu yake. Usilifute likiwa kavu hata siku moja, vumbi litalichora. Maji kwanza, kisha kitambaa laini chenye shampoo. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia ziache, na mafuta ya taa pia, ingawa wapo watakaokuapia kwamba yanang'arisha. Yanang'arisha wiki moja, kisha plastiki inapata utando mweupe na kuanza kupasuka. Kabla ya kukunja paa fungua zipu dirisha lilale lenyewe, ulitandikie kanga kati ya mikunjo. Na ukipanda Lushoto mwezi wa sita au wa saba, asubuhi yenye baridi usilikunje: plastiki ya baridi inakakamaa na mkunjo mmoja unaweza kuacha ufa. Ngoja jua lilipashe. MX-5 za kuanzia kizazi cha pili, kilichoingia sokoni mwaka 1998, zina kioo halisi nyuma, hawana shida hii.

Dirisha likishakuwa la manjano, usihangaike na kuagiza paa zima kutoka nje. Nenda Ngamiani kwa mafundi wanaoshona maturubai ya bajaji. Hao wanashona plastiki ya kuonea kila siku, mikono yao imezoea. Masharti yako yawe mawili: plastiki nene isiyopotosha unachokiona, na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba kwenye jua hili na chumvi hii haudumu. Kaa pale uone anachopitisha kwenye sindano.

Vinili ukishaliosha na kulikausha, pakaa dawa ya kukinga jua yenye asili ya maji. Usidanganyike na yale mafuta ya kung'arisha dashibodi na matairi. Gari linapendeza siku ya harusi, kesho yake vumbi lote la barabarani limeganda juu. Kwa kitambaa, mwagia maji uyatazame: yakijikusanya matone na kubiringika, kaa kimya. Yakitulia na kuzama, ndipo upulizie dawa ya kuzuia maji, kivulini, paa likiwa kavu kabisa, vioo na rangi umevifunika kwa magazeti, tabaka mbili nyembamba badala ya moja zito. Sisi hufanya mwezi wa pili, kabla ya masika.

Mengine ni madogo. Zipu ikigoma, ipake nta ya mshumaa. Vifungo vya kubonyeza vifutwe chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi. Mpira wa kuzunguka vioo upake silikoni kidogo sana. Gari usilifunike kwa nailoni, linatoka jasho chini yake. Mwenye MX-5 akumbuke mifereji miwili nyuma ya viti: majani ya mwarobaini yakiiziba, maji ya mvua yanaingia kwenye bodi na kutu inaanzia pale usipopaona. Mimina maji polepole uone kama yanadondoka chini, mbele ya tairi za nyuma.

Na tundu dogo usilipeleke kushonwa. Kila sindano inapopita ni tundu jipya. Kiraka cha kitambaa hichohicho kwa upande wa ndani, gundi ya mpira inayobaki laini, uzito juu yake usiku mzima, na paa lisikunjwe mpaka gundi ishike.