Shafti ya milimita 60 iliyonifundisha ukaguzi wa vipimo

Mdogo wangu, umeuliza kama cheti chako cha ukerezaji, yaani kuchonga chuma kwa mashine, cha chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kinatosha kuombea kazi ya ukaguzi wa vipimo karakanani. Kuanzia kinatosha, tena una bahati: mkaguzi ambaye hajawahi kusimama kwenye mashine hajui kosa linaanzia wapi. Kusoma mchoro na hesabu za desimali utazoea. Kinachowashinda wengi ni subira, na kusema hapana mbele ya mtu unayemheshimu.

Nilikuwa mgeni kazini, karakana moja upande wa Barabara ya Nyerere. Jioni ikaletwa shafti ya pampu. Pale inapokaa beringi ilitakiwa 60 mm, izidi kwa 0.002 hadi 0.021 tu. Imetoka kwenye mashine sasa hivi, ya moto, unaihamisha mkono huu hadi huu. Mteja yuko nje na pikapu. Nikapima kwa maikromita, kile kifaa cha kubana kinachosoma unene hadi sehemu ndogo za milimita: 60.015, nikasaini. Wiki mbili hazikuisha ikarudi: beringi ilikuwa inazunguka juu ya shafti hadi chuma kimelika. Chuma cha 60 mm kikizidi joto la maikromita kwa nyuzi 30 huvimba karibu 0.02 mm. Ilipopoa ilishuka chini ya 60, na pampu ya watu ikasimama kwa sahihi yangu. Iliniuma sana.

Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwenye nyuzi 20, na Dar ya Februari inapita 30. Kwa hiyo weka kazi na maikromita meza moja mpaka vilingane joto. Futa mafuta, hakiki sifuri, kaza kwa racheti, kile kishikio cha mwisho kinachoteleza kikishabana vya kutosha, usikamue kwa nguvu. Pima mwanzo, kati na mwisho, kisha geuza robo upime tena, maana shafti huweza kuwa yai na jicho lisione.

Kuhusu mafundi wakubwa: usimwambie mzee kazi yake mbovu mbele ya vijana. Mimi humfuata pembeni, "Shikamoo mzee, naomba unipimie hapa, mimi napata pungufu," nampa maikromita mkononi. Akisoma mwenyewe, mara nyingi mnaelewana. Akikataa, andika namba uliyoipata na usisaini, hata msimamizi akikuita mara tatu.

Tafuta maikromita ya milimita 0 hadi 25 uanze kuizoea nyumbani. Kabla ya kununua iliyotumika, ifunge uone kama inasoma sifuri.