Kwa nini meneja alifuta "luggages"

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja. Nilimwandikia mgeni, "Your three luggages are in the store." Meneja akafuta, akaweka "three pieces of luggage". Mizigo imekuwa vipande lini? Na mbona mkate wanauita "loaf", hawasemi "piece"?

Jibu: Marahaba. Meneja yuko sahihi, ila kosa lako lina mantiki yake: umehesabu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kwetu kuna mzigo mmoja, mizigo mitatu. Mwingereza huichukulia "luggage" kama sisi tunavyouchukulia mchele wa kupima dukani: huhesabu mchele, unahesabu kilo. Hapo "piece" ndiyo kilo yako. Wingi unabebwa na kipimo, "pieces". "Luggage" yenyewe haiguswi na "s", na "of" hukaa katikati kama "za" kwenye kilo tatu za mchele. Kitenzi nacho hufuata kipimo: "Three pieces of luggage are in the store." Ukiondoa kipimo, unarudi kwenye umoja hata mabegi yakiwa kumi: "Your luggage is in the store."

"Piece" hiyohiyo inatumika kwa "furniture", "equipment", "information", "news" na "advice". Usijaribu kuitafsiri. Sijamsikia Mswahili akitoa "kipande cha ushauri", na ndiyo maana wengi wetu tunaandika "advices" bila wasiwasi.

Kwa mkate, "piece" ni kipande kwelikweli, hata kilichomegwa kwa mkono. Mkate mzima ni "a loaf", slesi ni "a slice". Mbona na sisi tunavyo vipimo vya namna hii? Mche wa sabuni, punje ya mchele, tone la maji. Wao husema "a bar of soap", "a grain of rice", "a drop of water". Na "bar" haijali urefu, hata kile kisabuni cha bafuni hotelini kwenu ni "bar".

Kwa kuwa uko hotelini, angalia na hili. "Kikombe cha chai" kwetu ni chombo, na ni chai yenyewe pia. Kiingereza kinatenganisha: "a cup of tea" inanyweka, "a teacup" ni chombo tu. Ila mgeni akisema "two teas, please", hajakosea. Mezani wanafupisha hivyo, naye anataka vikombe viwili vya chai.