"Mimi" wa kitabuni ni nani?

SWALI: Nasikia mwanamke akiandika maisha yake "hujitunga". Huo si uongo kwa jina jingine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Ukurasa haumbebi mtu mzima; mwandishi huamua ni upande gani wake useme, na useme na nani. Mfungue Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utendi wake mnamo 1858. Mwanzoni tu anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, kwani maradhi yamemshika mwaka mzima. Hapo keshajipa cheo: mama mgonjwa anayeusia, na nani atamkatiza? Jina lake analiweka mwishoni, kama anayemtaja mtu mwingine.

Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alikwenda njia nyingine. Kumbukumbu zake zilitoka 1886 kwa Kijerumani, akiwa tayari ni Emily Ruete, mke wa Mjerumani. Anaeleza alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mfupa ule ndio hati yake ya uandishi. Kwingineko anamwacha mtoto wa Mtoni, jumba alikozaliwa, na kuwasahihisha Wazungu kuhusu wanawake wa kwao.

Ukiandika yako, chukua kurasa 3 na penseli. Pigia mstari kila "mimi", kisha pembeni andika umri wake: miaka 8, au wa leo? Rasimu nyingi huharibikia hapa. Mtoto wa miaka 8 anachambua ndoa ya wazazi kama wakili! Mwachie alichokiona, uchambuzi mpe mtu mzima, katika sentensi yake mwenyewe.