Ukavu ukeni: yaliyonipata mara mbili

Dada uliyeuliza kwa nini uke wako umekuwa mkavu tangu ujifungue, hata mumeo akadhani umemchoka, nimeyasoma maneno yako nikajikumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa mtoto wangu wa pili. Nilikuwa nikinyonyesha usiku na mchana, na tendo la ndoa likageuka kuwa maumivu makali, kana kwamba nimechanjwa kwa wembe. Nilinyamaza kwa miezi mitano.

Mkunga niliyemwendea hakuanza na dawa, bali aliniuliza, "Mama, unajiosha kwa kitu gani?" Nilimjibu kwamba ninatumia sabuni yenye manukato, tena ninaiingiza hadi ndani asubuhi na jioni. Alinieleza kwamba uke hujisafisha wenyewe na una asidi yake ya kuulinda, ambayo sabuni huivuruga na kuongeza ukavu na muwasho. Nioshe nje tu, kwa maji matupu. Ndipo akaniambia pia kwamba mwanamke anayenyonyesha hupungukiwa na estrojeni, homoni inayoufanya ukuta wa uke uwe mnene, laini na wenye ute. Nililia pale pale, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mapenzi ndiyo yaliyoniishia.

Alinishauri nitumie kilainishi cha maji kisicho na manukato, na tusiharakishe maandalizi. Kama mnatumia kondomu, epukeni mafuta ya aina yoyote, kwani hudhoofisha mpira wake ukapasuka. Mimi hali yangu ilirejea nilipomwachisha mtoto ziwa.

Mara ya pili ilikuwa hedhi ilipokoma, na hapo kilainishi hakikutosha, kwa kuwa hata kukojoa kulichoma. Daktari alinipa krimu ya estrojeni ya dozi ndogo ya kupaka ukeni, kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu ilikuja polepole, baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo asiikatie tamaa mapema yeyote atakayepewa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kwanza.

Wengine hukaushwa na dawa za mzio, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, matibabu ya saratani au kuondolewa ovari, lakini dawa uliyoandikiwa usiiache bila kuuliza. Na ukitokwa na damu baada ya tendo, au hedhi ikiwa imeshakoma, nenda ukapimwe bila kuchelewa.

Kuhusu mumeo, mwambie, dada yangu. Mimi nilimwambia wangu jioni moja huku mtoto akinyonya, naye kwa muda hakusema lolote, kisha akaniuliza kama nilikuwa nikiumia miezi yote ile.