Siku moja tu Ordesa

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma Zaragoza, Hispania, na Julai nitapata siku moja ya kutembelea hifadhi ya Ordesa, kwenye milima ya Pirenei. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kalale kijiji cha Torla. Kiangazi magari binafsi hayaruhusiwi kuingia bondeni, kwa hiyo wahi basi la asubuhi hadi Pradera, uwanda wa nyasi njia za miguu zinapoanzia. Kutoka hapo fuata mto Arazas kwenda juu, msituni kwenye kivuli, hadi Gradas de Soaso, ambako maji hushuka ngazi kwa ngazi juu ya mwamba. Mimi nilikaa pale saa nzima, macho hayakushiba. Mbele yake ni maporomoko ya Cola de Caballo, yaani Mkia wa Farasi. Kwenda na kurudi ni kilomita kama 17.

Tazama juu pia: kuna tai mwenye ndevu, anayedondosha mifupa miambani ipasuke apate kuila. Mbuzi mwitu aitwaye bucardo hutamwona. Hifadhi ilianzishwa 1918, lakini bucardo wa mwisho alikufa Januari 2000, na hilo bado linaniuma.

Beba koti. Alasiri za Julai radi hupiga ghafla.