Wasomaji Wanauliza: Fukwe za kuogelea korongoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakusudia kwenda na familia yangu kupumzika katika kijiji kidogo kilichomo ndani ya korongo la milima. Nimeelezwa kwamba karibu yake zipo fukwe za mchanga kando ya mto, na kwamba juu zaidi kuna ziwa lililoundwa kwa kuziba mto huohuo, ambako watu pia huogelea. Watoto wangu, wa miaka saba na kumi na mmoja, wamezoea bwawa la kuogelea tu. Je, niwapeleke mtoni au ziwani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa watoto wa umri huo ambao hawajawahi kuingia katika maji yanayokwenda, ningependa waanze ziwani, hata kama ufukwe wa mto utawavutia zaidi. Mto unapopinda ndani ya korongo, maji ya upande wa nje wa kona hukimbia, huula ukingo na kuchimba kilindi, ilhali yale ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuuacha mchanga yaliokuwa yameubeba. Ndiyo maana ufukwe mwingi wa mtoni umekaa upande wa ndani wa kona, na hatua chache mbele yake, kuelekea ng'ambo, upo mkondo wenye nguvu. Mtoto anayecheza katika maji ya magotini anaweza kusogea kidogo tu akakosa pa kukanyaga. Tena kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, kwa hiyo mahali ambapo mtu mzima anasimama bila shida si mbali na mahali atakapoangushwa.

Mkiamua kwenda mtoni, simama kwanza ukingoni na utupe kijiti majini. Kikikushinda kwa mwendo wa kutembea, watoto wasiingie hapo. Kisha tembea kuelekea mto unakoshukia, uone mkondo ungempeleka wapi aliyeteleza: kwenye maji mapana yaliyotulia, au kwenye mti ulioanguka, ambao maji hupita katikati ya matawi yake lakini mtu hunaswa? Wafundishe pia kwamba anayechukuliwa na maji ya kasi asijaribu kusimama, kwa sababu mguu ukikwama kati ya mawe, mkondo humlaza na kumzamisha. Alale chali, miguu ikitangulia, na asogee taratibu kuelekea ukingoni.

Baridi ya maji ndiyo ambayo wageni wengi hawaitilii maanani. Maji yanayotokana na theluji huweza kuwa chini ya nyuzijoto 15 hata siku ambayo mchanga unachoma nyayo. Anayejitupa ghafla katika maji kama hayo hushtuka, akavuta pumzi bila kukusudia, na kichwa chake kikiwa chini wakati huo huvuta maji. Mshtuko huwa mkali zaidi katika dakika ya kwanza. Kwa hiyo aingie polepole, na akianguka, aelee chali mpaka pumzi itulie ndipo aanze kuogelea. Kuruka kutoka juu ya mwamba ningekataza kabisa, kwa sababu kina cha maji maangavu hakikadiriki vyema kwa macho, na mawe ya chini huhamishwa na kila mafuriko.

Anga ya buluu juu ya korongo isikupe uhakika. Mwezi Julai 1999, watu 21 walifariki katika korongo la Saxetbach nchini Uswisi, na Agosti 2018 wakafariki 10 katika korongo la Raganello nchini Italia. Kote kuwili maji yalifurika ghafla kutokana na mvua iliyonyesha sehemu za juu. Chini ya bwawa, maji hupanda pia yanapofunguliwa, bila tone la mvua. Chagua jiwe lililo ukingoni kabisa, uangalie mara kwa mara maji yamelifikia wapi. Yakipanda, yakibadilika rangi, au yakianza kuleta majani na vijiti, wote watoke na kupanda juu mara moja, na viatu viachwe.

Ziwani nako kuna mambo yake. Kingo za ziwa la korongoni mara nyingi huteremka ghafla, na maji yanapopungua, visiki vya miti ya zamani hukaribia uso wa maji. Maji ya juu huwa na joto la kupendeza, lakini chini yake huwa baridi kali. Maboya ya kuchezea husukumwa na upepo mbali na ufukwe, basi wavae jaketi okozi zinazowatosha: ukiinua mabega ya jaketi, lisipite masikio. Mkikuta utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, msiingie, wala mbwa asinywe maji hayo.

SWALI: Ufukwe wa mto tuliouzoea chini ya bwawa unapungua kila mwaka. Mchanga unakwenda wapi?

JIBU: Huenda unazuiwa huko juu. Mto ukizibwa, mchanga hutua katika ziwa, na maji yanayotoka bwawani, yakiwa hayana mchanga, huchukua ule uliopo chini bila kurudisha mwingine. Jambo hilo limeonekana wazi katika korongo la Grand Canyon nchini Marekani tangu bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia maji mwaka 1963. Kuanzia 1996, maji mengi yamekuwa yakifunguliwa kwa makusudi baadhi ya miaka ili yauzoe mchanga ulioletwa na vijito na kuupandisha kingoni. Fukwe hupanuka baada ya hapo, kisha huanza kuliwa tena katika miezi inayofuata.