Siku Dewey alipombwaga Truman

Swali lenu la wiki hii linauliza: ungepewa nafasi ya kusoma tena gazeti la siku moja tu, ungechagua lipi? Najua wengi watataja Desemba 9, 1961, na wana haki yao. Mimi nipeni Chicago Daily Tribune la Marekani, la Jumatano, Novemba 3, 1948, toleo la kwanza, siku moja baada ya uchaguzi wa rais kati ya Harry Truman wa chama cha Democratic, aliyekuwa madarakani, na Thomas Dewey wa chama cha Republican. Nimewahi kula mshahara wa kupanga kurasa za gazeti usiku, na sijaona ukurasa wa mbele unaonifariji kama ule.

Kichwa kikuu kina maneno matatu, herufi kubwa kama za bango la duka: DEWEY DEFEATS TRUMAN. Magazeti yetu yangeandika "DEWEY AMBWAGA TRUMAN", au kama mhariri katoka dawati la michezo, "TRUMAN CHALI!" Kichwa kizuri, kifupi, kinasomeka hata ukiwa ndani ya daladala na gazeti liko kibandani. Shida yake ni kwamba Truman alishinda. Tena si kwa kuponea chupuchupu: kura za wajumbe, ambazo ndizo zinazoamua rais kule, 303, Dewey 189.

Sasa kabla hamjawacheka, waoneeni huruma kidogo. Wapanga herufi wa magazeti ya Chicago walikuwa kwenye mgomo tangu Novemba 1947. Habari zilipigwa kwa mashine za taipu, karatasi zikabandikwa, zikapigwa picha, ndipo bamba la kuchapia likatengenezwa. Mlolongo wote huo ulikula muda, kwa hiyo toleo la kwanza lilifungwa saa kadhaa mapema kuliko kawaida. Kura hazijahesabiwa, mtambo unanguruma, na ukurasa wa mbele hauwezi kutoka mtupu. Mwandishi wao mkongwe wa Washington, Arthur Sears Henning, akasema Dewey. Wakaandika Dewey.

Na nani angembishia? Kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilimpa Dewey asilimia 49.5, Truman 44.5. Elmo Roper, bingwa mwingine wa kura za maoni, alikuwa ameshatangaza tangu Septemba kwamba haoni haja ya kuendelea kuhesabu. Jarida la Newsweek liliwauliza waandishi wa siasa 50, na wote 50 wakasema Dewey. Hata harusini hupati watu 50 wanaokubaliana kuhusu pilau.

Halafu Tribune lilikuwa gazeti la Republican damudamu, na Truman halikuwa likimpenda hata kwa bahati mbaya. Mtu akiletewa habari anayoitamani, hana haraka ya kuuliza imetoka wapi.

Lakini raha ya ukurasa ule haiko kwenye kichwa kikuu, ambacho kila mtu anakijua. Iko pembeni. Kwanza, katika ile habari kuu, mistari kadhaa imechapwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo kazi ya kubandika vipande vya karatasi kwa pupa usiku. Msomaji wa Chicago alilazimika kugeuza gazeti ili aisome, na nadhani hiyo ndiyo mistari pekee ya habari ile iliyokaa sawasawa na matokeo.

Pili, kuna kichwa kingine kinachosema Republican wanaelekea kuzoa jimbo zima la Illinois, huku Boyle akiongoza mjini. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu. Ugavana wa Illinois ulikwenda kwa Adlai Stevenson, useneta kwa Paul Douglas, wote Democratic. Ila Boyle, aliyekuwa akigombea uendesha mashtaka wa kaunti, kweli alishinda. Yaani katika kelele zote zile, nusu ya kichwa kidogo ndiyo iliyopatia. Nimekuwa nikimfikiria mtu aliyeandika nusu ile. Bila shaka hakuna aliyempongeza.

Usiku uleule walibadilisha. Toleo lililofuata lilikuja na kichwa kwamba Democratic ndio waliozoa nafasi za jimbo, na watu wakatumwa mitaani kukusanya nakala za mwanzo. Zilishachapwa kama 150,000. Jaribuni kukusanya maji yaliyomwagika sokoni.

Na mwenyewe Truman alikuwa wapi? Kalala. Alijifungia kwenye hoteli moja huko Excelsior Springs, Missouri, akala sandwichi na bilauri ya maziwa, akapanda kitandani mapema. Keshokutwa yake treni yake iliposimama St. Louis, mtu akampa ile nakala. Picha mnaijua: kaishika kwa mikono miwili juu ya kifua, meno yote nje, kama mama aliyeshinda kesi ya kiwanja.

Sasa niungame. Miaka ile ya kazi yangu, toleo la mikoani lilikuwa lazima liwahi magari ya usiku, hivyo ukurasa ulifungwa mapema. Kulikuwa na mechi kubwa, timu ya nyumbani inaongoza moja bila, dakika ya 80 na kitu. Mhariri wa zamu kaegemea mlango, anatazama saa kuliko anavyotazama televisheni. "Weka," akaniambia. Nikauliza, "Bosi, tusisubiri kidogo?" Akajibu, "Gari linakusubiri wewe?" Nikaweka: WAGENI WAFA KWA MKAPA. Nilikuwa nimekipenda hasa kile kichwa, kilijaa safu zote sita bila kukatwa hata herufi.

Wageni walifufuka dakika za majeruhi. Mara mbili.

Toleo la Dar tulilibadilisha, la mikoani lilishapita Kibaha. Asubuhi nikapigiwa simu na shemeji yangu wa Morogoro, shabiki wa kutupwa, hana televisheni. "Shemeji, hongereni, nimesoma!" Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Ukweli aliupata mchana, kutoka kwa muuza maandazi wa stendi aliyekuwa na redio. Muuza maandazi huyo, anasema shemeji, alimsimulia mabao yote mawili kwa utulivu, huku akimfungia maandazi manne kwenye ukurasa wangu wa mbele.